Miaka Sabini ya Mama Katika Ghuba ya Chole

Kabla hujaendelea kusoma, ujibu kwanza swali moja. Mama yako alizaliwa tarehe gani? Na baba yako je? Wengi wetu twazijua siku walizofariki babu na bibi zetu, maana tulikuwepo, tulichanga, tulilia, tukaandika tarehe juu ya msalaba. Lakini siku waliyozaliwa wazee walio hai, wanaokaa nasi jikoni na barazani, hatuijui. Mzee mwenyewe ukimwuliza atakujibu, "Nilizaliwa mwaka wa njaa," au, "Wakati wa kuvuna mtama."

Kwetu Wakatoliki jambo hili lina dawa. Nenda katika parokia alikobatizwa mzazi wako, umwombe paroko au katekista akufungulie kitabu cha ubatizo. Humo mapadre wa zamani waliandika siku ya kuzaliwa mtoto, siku ya kubatizwa, majina ya wazazi na la msimamizi. Kitabu cha namna hiyo, katika parokia moja chini ya milima ya Uluguru, ndicho kilichotupatia sisi siku ya mama yetu: 8 Septemba 1955. Basi mwaka 2025 alitimiza miaka 70.

Labda utasema kwamba kusherehekea siku ya kuzaliwa ni desturi ya wageni, si yetu. Ni kweli kwamba Kanisa huwakumbuka watakatifu hasa siku waliyofariki, kwa sababu ndiyo siku walioingia mbinguni. Hata hivyo Kanisa lenyewe huadhimisha kuzaliwa kwa watu watatu: Bwana wetu Yesu Kristo tarehe 25 Desemba, Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na Bikira Maria tarehe 8 Septemba. Mama yetu alizaliwa siku ya Mama Maria, na ndiyo maana padre alimpa jina hilo. Kumshukuru Mungu kwa uhai wa mzazi si ugeni hata kidogo. Ni kuitii amri ya nne wakati mzazi mwenyewe angali anaweza kuona kwamba anaheshimiwa.

SHAURI LA WATOTO

Tulikutana sisi watoto wake sita kutafuta la kufanya. Kaka yetu mkubwa alitaka turubai, vipaza sauti, mpishi, na wali wa watu mia mbili. Dada alitaka kumnunulia mama kitanda na godoro jipya. Kila mtu alikuwa na neno lake, na maneno yalianza kupanda. Ndipo mdogo wetu wa mwisho aliposema, "Mbona mwenyewe hatujamwuliza?"

Mama alipoulizwa hakufikiri sana. Alisema, "Wanangu, nataka kuiona bahari kabla macho hayajazimika."

Hapana budi nikueleze habari ya macho yake. Mama ana ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho. Ugonjwa huu huanza polepole, bila maumivu, na huanza kula pembeni ya jicho. Mgonjwa aona kilicho mbele yake, lakini pande zote mbili ni giza, kama mtu achunguliaye katika tundu la mlango. Daktari alitueleza wazi: dawa ya matone yaweza kuyalinda macho yaliyobaki, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi tena. Basi neno la mama lilikuwa na haraka ndani yake, nasi tulilielewa.

Tukamwuliza, "Bahari ya wapi, mama? Ya Bagamoyo au ya Dar es Salaam?" Akajibu, "Ile ya baba yenu. Ile ya popo."

Marehemu baba alipata kufanya kazi ya minazi katika kisiwa cha Mafia alipokuwa kijana, kabla ya kumwoa mama. Kila mara alipopata nafasi alitusimulia habari za kisiwa kiitwacho Chole. Alisema kwamba huko wako popo wakubwa kama paka, wenye uso wa mbwa, waningʼiniao mchana kutwa juu ya miembe kama nguo zilizoanikwa. Mama hakumsadiki hata siku moja. Alicheka na kusema kwamba wanaume waliotoka pwani wote ni waongo. Mzozo huo mtamu ulidumu katika nyumba yetu miaka mingi, hata baba akafariki bila ya kushinda. Sasa mama alitaka kwenda kuhakikisha.

Basi wali wa watu mia mbili tukauacha. Tukaweka kibubu, kila mmoja akitia kidogo kila mwezi kwa muda wa mwaka mzima. Aliyekuwa na kuku aliuza kuku, aliyekuwa na ufuta aliuza ufuta. Haba na haba hujaza kibaba.

NJIA YA KWENDA

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, nayo iko baharini mbele ya delta ya mto Rufiji. Wenye fedha hupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam. Sisi wengine twapita nchi kavu hadi Nyamisati, kisha twavuka.

Tulitoka Morogoro siku ya Alhamisi, 4 Septemba, kwa treni ya umeme, ambayo kwa chini ya saa mbili ilitufikisha Dar es Salaam. Usiku tulilala kwa ndugu huko Mbagala. Alfajiri ya Ijumaa tukapanda basi la kusini, barabara iendayo Kilwa. Ukifika Bungu, katika Wilaya ya Kibiti, njia ya Nyamisati yaacha barabara kuu na kushika upande wa mashariki, kuelekea baharini. Utapita mikorosho, minazi na vijiji vya Wandengereko, hata uione mikoko, nawe utajua ya kuwa maji hayako mbali.

Nyamisati ni mahali pa kungoja. Chombo hakiondoki kwa saa ya ukutani tu, bali chaangalia pia maji kujaa na kupwa. Basi usiwe na pupa. Nunua chai, keti, usali rozari. Tulipoondoka, maji ya kwanza yalikuwa ya rangi ya udongo, kwa sababu mto Rufiji huyaleta matope ya bara yote hata baharini. Mama alishangaa sana alipoambiwa kwamba hata maji ya mto Kilombero huishia katika delta ile. Kisha, baada ya mwendo, rangi ikageuka kijani, halafu buluu. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kupungua nguvu, kama ilivyo kawaida ya mwezi wa Septemba, lakini mawimbi yalikuwepo. Wajukuu wawili walitapika. Mama hakutapika. Alikaa mbele, akigeuza kichwa chake polepole kutoka kushoto hadi kulia, kisha kutoka kulia hadi kushoto. Hakuweza kuiona bahari yote kwa mara moja, basi akawa akiitazama kipande kipande, kama mtu asomaye mstari.

Nilimwuliza, "Mama, wachoka?" Akasema, "Niache. Bado sijafika mwisho wake."

GHUBA YENYEWE

Ukishuka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, utakuta soko, hospitali, maduka na watu wapole. Kutoka hapo hadi kijiji cha Utende, upande wa mashariki wa kisiwa, ni safari fupi, haizidi kilometa 15. Karibu na Utende kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, na hapo mgeni hulipa ada.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, nayo ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza katika Tanzania. Eneo lake ni kilometa za mraba 822. Usidhani kwamba watu walifukuzwa kusudi samaki wakae. Vijiji vimo ndani yake, na wavuvi huvua, lakini kwa taratibu: mahali pengine ruhusa, mahali pengine marufuku, na baruti ni marufuku kabisa. Aina za samaki zilizohesabiwa humo zapita 400. Matumbawe yake yalipata pigo kubwa mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa. Mengine yamepona, mengine bado. Tumbawe ni nyumba ya samaki, na samaki ni kitoweo cha mvuvi. Likifa tumbawe, sufuria ya mtu hubaki na maji matupu.

Simama sasa juu ya mchanga wa Utende, uelekee mashariki. Maji yaliyo mbele yako ndiyo Ghuba ya Chole. Kisiwa kile kidogo chenye miti mingi, kilicho karibu, ndicho Chole chenyewe. Nyuma yake kiko Juani, kisiwa kirefu kinachozuia mawimbi ya bahari kuu. Kusini kiko Jibondo, kisiwa cha wavuvi na mafundi wa vyombo. Visiwa hivi ni kama ukuta wa ua, na ghuba ni kama kiwanja ndani ya ua. Kuna mlango mmoja uitwao Kinasi, ambapo maji ya bahari kuu huingia na kutoka kwa nguvu, yakileta chakula cha samaki. Kwa hiyo ghuba ni tulivu hata wakati ambapo nje kuna machafuko.

Tulifika wakati wa mwezi mpevu, wakati wa bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Asubuhi, yapata saa nne, bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali, na mashua zimelala ubavu juu ya mchanga. Wanawake walitembea na ndoo na vijiti vyao wakitafuta pweza na chaza. Jioni, yapata saa kumi, mahali pale pale palikuwa na maji ya kuzamisha mtu. Mama alisema kwamba bahari ni kama shamba ambalo Mungu hulifunika na kulifunua mara mbili kwa siku, kusudi kila mtu apate zamu yake.

KASA WA JUANI

Siku ya Jumamosi wajukuu walivuka kwenda Juani. Huko, kwenye fukwe za upande wa bahari kuu, kasa hupanda usiku kutaga mayai. Kasa mmoja huchimba shimo mchangani, hutaga mayai kama 100, huyafukia, kisha hurudi baharini asitazame nyuma. Baada ya miezi miwili hivi, jua na mchanga vikiwa vimefanya kazi ya kuatamia, vitoto hutoka na kukimbilia maji. Zamani watu waliyachimba mayai na kuyala. Siku hizi wako wanakijiji waliopewa kazi ya kuvilinda viota, na mgeni akija wakati wa kuanguliwa, aweza kuonyeshwa.

Mama hakwenda, kwa sababu njia ya kukatiza kisiwa ni ya kutembea kwa miguu na ina mawe. Lakini jioni wajukuu walimzunguka wakamsimulia: vitoto vilivyokuwa vidogo kuliko kiganja, vilivyoanguka na kuinuka, na kaa waliokuwa wakivingoja njiani. Mtoto mmoja akauliza, "Bibi, mama yao yuko wapi?" Tukamweleza kwamba kasa hawamjui mama yao, wala yeye hawajui. Wale watakaopona hukaa baharini miaka 20 au zaidi kabla ya kuanza kutaga.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Mungu amenipendelea kuliko kasa. Mimi wangu nawajua kwa majina, na hata nikishindwa kuwaona, nawajua kwa sauti."

Msomaji, sisi watoto wake tuliokuwa tukibishana juu ya turubai tulitazamana, hakuna aliyesema neno.

MWEZI ULIPOPATWA

Jumapili, 7 Septemba, tulisali, tukapumzika. Siku hiyohiyo huko Roma Baba Mtakatifu Leo XIV aliwatangaza watakatifu vijana wawili, Pier Giorgio Frassati na Carlo Acutis, nasi tuliwakumbuka katika rozari ya jioni. Usiku huo mwezi ulipatwa, na nchi zetu za Afrika ya Mashariki ziliuona. Tangu saa mbili na nusu hadi karibu saa nne, kivuli cha dunia kiliufunika mwezi wote, nao ukawa mwekundu kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Watu wa Utende walitoka nje. Wazee wa msikiti walisali sala yao ya kupatwa kwa mwezi, nasi tulikaa kimya mchangani kwa heshima.

Mama aliuona mwezi. Ulikuwa mbele yake moja kwa moja, na kitu kilicho mbele bado hukiona. Alituambia, "Hata mwezi huzimika, na tena hurudi." Hatukumjibu, maana sote tulijua kwamba macho yake si kama mwezi. Naye alijua. Hata hivyo alilisema kwa furaha.

KUA, MJI ULIOKUFA

Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Tuliungoja mchana maji yajae, tukapanda mashua kwenda Kua, katika kisiwa cha Juani. Nahodha alimshika mama mkono na kumwambia, "Shikamoo mama, kanyaga hapa, usiogope, chombo ni chako." Vijana wa Mafia wamelelewa vizuri.

Kua ulikuwa mji mkubwa wa Waswahili. Leo ni magofu katikati ya mibuyu: jumba la watawala lenye kuta ndefu, misikiti, makaburi, na nyumba za mawe zilizopoteza dari zao. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliushambulia kwa mitumbwi yao, wakaua watu, wakachukua wengine utumwani. Waliosalia hawakurudi kuujenga tena. Mizizi imeingia ndani ya kuta, nayo sasa ndiyo inayozivunja na ndiyo inayozishikilia.

Baada ya Kua kufa, Chole ikastawi. Matajiri wenye mashamba ya minazi walijenga majumba yao huko, na watumwa waliochukuliwa bara ndio waliowalimia. Tusilisahau jambo hilo tunapozisifu nyumba za mawe. Mwaka 1890 Mafia iliingia mikononi mwa Wadachi, nao wakaiweka ofisi yao Chole. Mwaka 1913 waliihamishia Kilindoni, kwa ajili ya meli kubwa. Waingereza waliiteka Mafia mwezi wa Januari 1915, na kutoka hapo wakaiwinda manowari ya Kidachi iliyoitwa Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, hata ikaangamia mwezi wa Julai mwaka huohuo. Utumwa wenyewe ulifutwa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922.

Mama alipapasa ukuta wa Kua kwa viganja vyake viwili, kwa muda mrefu. Aliuliza, "Waliokaa humu, nani anawaombea?" Kisha akafanya ishara ya msalaba, akasali kimoyomoyo. Mwenyeji wetu, ambaye ni Mwislamu, alivua kofia yake akangoja hata alipomaliza.

POPO WA CHOLE

Kutoka Kua tukavuka kwenda Chole. Katika Chole huoni magari. Njia ni za mchanga, zapita chini ya miembe na mibuyu, na watu huenda kwa miguu au kwa baiskeli. Ufukweni mafundi walikuwa wakitengeneza chombo kwa shoka, tezo na keekee. Hawakuwa na mchoro wowote wa karatasi, mchoro wao umo kichwani, waliurithi kwa baba zao. Walimruhusu mama apapase mbavu za chombo. Mmoja akamwambia, "Bibi, chombo hiki tutakiita jina lako." Alikuwa akitania, lakini mama alicheka kama msichana.

Jua lilipokuwa likishuka tulifika penye miti ya popo. Msomaji, baba yetu hakuwa mwongo. Walikuwa mamia kwa mamia, wakiningʼinia kichwa chini, wamejifunika mabawa kama mzee aliyejitanda shuka, wakigombana na kusukumana kwa makelele. Nyuso zao ni kama za mbwa wadogo, na manyoya ya shingoni ni ya rangi ya dhahabu. Bawa kwa bawa, popo mmoja hupita meta moja. Wataalamu wasema jamii ya popo hawa yapatikana Komoro, na ndugu zao wako Madagaska, Pemba, na hata Asia, lakini bara ya Afrika hawako. Hawanyonyi damu wala hawana uchawi. Chakula chao ni matunda na maua, nao husambaza mbegu za miti popote warukapo. Watu wa Chole wameamua wenyewe kuwalinda, wala hawaruhusu wapigwe mawe.

Sasa, shida ilikuwa hii: miti ilikuwa mirefu, na mwanga ulikuwa unapungua. Mama alitazama juu, akatazama tena, akasema, "Nawasikia, lakini siwaoni." Tulijaribu kumwelekeza kichwa chake huku na huku, haikusaidia. Macho ya mtu mwenye ugonjwa ule huwa dhaifu zaidi giza likianza. Kaka yetu mkubwa, yule wa turubai, aligeuza uso pembeni.

Ndipo mwanamke mmoja mtu mzima wa Chole, aliyekuwa amekaa karibu akisuka ukili, aliinuka. Alimshika mama mkono akamwambia, "Njoo dada yangu, hapa si mahali pake." Akamwongoza polepole hata ufukweni, mahali pa wazi panapotazama magharibi, ambapo mbingu ilikuwa bado ina wekundu wa jua. "Simama hapa. Usiwatafute. Watakuja wenyewe."

Wakaja. Kwanza mmoja, kisha watano, kisha kundi zima, wakiuvuka mlangobahari kwenda kula katika kisiwa kikubwa. Walipita mbele ya ule wekundu, weusi kabisa, mabawa yao yakipiga polepole kama kasia. Mama alisimama bila kutikisika. Walipita mmoja mmoja katika lile tundu dogo la macho yake. Akaanza kuwahesabu kwa sauti. Alipofika arobaini aliacha, akasema kwa Kiluguru neno alilozoea kumwambia baba alipokuwa hai. Halitafsiriki vizuri, lakini maana yake ni kama, "Haya basi, umeshinda."

Usiku ule, katika nyumba tulimofikia, tulikula wali wa nazi, changu wa kuchoma na pweza. Keki haikuwepo. Kila mtoto na kila mjukuu alisema shukrani moja kwa mama, kisha mama akatubariki kwa kutuwekea mkono kichwani, mmoja mmoja, akitutaja majina. Yule mwanamke wa Chole tulimwalika, akaja na nazi mbili na mkufu wa asumini. Alimwombea mama dua kwa dini yake, na mama akaitikia amina.

KAMA NAWE WATAKA KWENDA

Huenda si Mafia. Huenda mzazi wako hajauona Mlima Kilimanjaro, au Ziwa Nyasa, au kanisa alikobatizwa. Lakini kama ni Ghuba ya Chole, shika haya machache.

Kwanza, uliza habari za maji kabla ya kupanga siku. Huko bamvua na maji mafu ndiyo kalenda, na safari ya Kua yataka maji yaliyojaa. Wenyeji watakuambia wakisha kuutazama mwezi tu.

Pili, ukitaka kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani asiyedhuru mtu, nenda kati ya Oktoba na Machi, tena upande wa Kilindoni, si ndani ya ghuba. Ukitaka vitoto vya kasa, nenda katikati ya mwaka.

Tatu, mwulize paroko wako kabla ya kuondoka wapi utapata Misa ya Jumapili. Safari ya shukrani isimwache nyumbani Yule unayemshukuru.

Nne, wenyeji wengi ni Waislamu. Vaa mavazi ya heshima, amkia watu, usilete ulevi. Usiokote matumbawe wala makombe kupeleka nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akija kuharibu, mwenyeji haponi.

Tano, na hili si la Mafia peke yake: mpeleke mzazi wako apimwe macho, hasa akisha kupita miaka 40, na zaidi kama katika ukoo kuna aliyepofuka. Presha ya macho haiumi, basi mtu hajui mpaka amechelewa. Ikijulikana mapema, matone ya kila siku yaweza kumwachia uoni wake hata uzeeni.

Mwisho, hesabu gharama kwa haki. Sisi tulifanya hesabu, tukaona kwamba safari yote ya watu kumi na mmoja haikufikia gharama ya msiba wa mtu mmoja katika ukoo wetu. Katika msiba twachangia jeneza zuri, twakodi magari, twachinja ngʼombe, na marehemu haoni hata kimoja. Sisemi tuache kuwazika watu kwa heshima. Nasema sehemu ya heshima hiyo ilipwe mapema, mwenyewe akiwa na macho, masikio na meno.

Basi Jumapili ijayo, baada ya Misa, keti karibu na mzazi wako umwulize: "Ni kitu gani unatamani kukiona?" Ukisha kuuliza, nyamaza, usimjibie. Huenda jibu lake likawa dogo kuliko ulivyoogopa.